Tumbo la Tanga

Mwaka ule nilikula kwa kisasi. Wapo wanaosusa chakula wakikasirika. Mimi nilivuta kigoda nikaomba niongezewe. Asubuhi uji na mihogo ya kuchemsha, mchana ugali na maharage yaliyoungwa kwa mawese, jioni ugali mwingine na dagaa, na juu yake ndizi mbivu za kusindikizia. Mke wangu alipakua huku akiniangalia kama mtu anayejaza gunia na hajui litashonwa lini mdomo. Kila tonge nililolimeza, nilimmeza kaka yake.

Nieleze, maana nikiachia hapo mtadhani nilikuwa na minyoo.

Mimi ni seremala, na karakana yangu ipo uani kwangu, Kasulu, pua na mdomo na jiko. Nilimaliza kidato cha nne, nikaona nimefika mbali vya kutosha, kwa masomo na kwa miguu. Mbao naletewa. Wateja wanakuja wenyewe. Kitanda kikiisha, mwenye nacho anakuja na guta kukichukua. Sokoni anakwenda mke wangu. Wapo watu wa mtaa wa pili wanaoamini kwamba nilishafariki na kwamba vitanda vinauzwa na mjane. Sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo mpaka mlamu wangu aliporudi.

Mlamu ni kaka wa mke wangu, kwao Busunzu, upande wa Kibondo. Alikuwa ameishi miaka mingi Kigoma mjini, kwenye hoteli moja ya ufukweni, akitunza vimashua vya wageni: mashua ya mtu mmoja, tanga moja, usukani, ubao mmoja unaoshuka majini kama kisu, basi. Hoteli ilipopata mwenyewe mpya, vimashua vikuukuu vikatupwa. Yeye akakiomba kimoja, akakipandisha juu ya lori la kreti tupu za soda, akakileta huku milimani ambako ziwa hakuna.

Ila bwawa tunalo. Wajenzi wa barabara walipoondoka walituachia lile walilokuwa wakichota maji, kule upande wa Kagerankanda. Ni refu na jembamba, limelala bondeni, na kiangazi upepo unalipitia kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukutana na mti. Hapo ndipo mlamu alipojifanya nahodha wa mkoa mzima.

Siku binti yetu mkubwa alipopata kipaimara, ukoo wa mke wangu ulishuka kwangu wote, na mama mkwe mbele yao. Huyu mama ndiye aliyenitetea wakati wa posa. Wanawe walipouliza ni mwanamume gani huyu asiyejua hata nauli ya kwenda Kibondo, yeye alisema binti yake akiwa na mume wa namna hiyo angalau hatakaa akimtafuta. Tangu hapo tuliheshimiana kama inavyotakiwa kwetu: mkwe na mama mkwe hawakaribiani mno, hawaonani ovyo, lakini salamu zao ni ndefu na zimejaa. Nilikuwa nikisalimiana naye mpaka chai inapoa.

Baada ya chakula mlamu alishika maikrofoni. Alimshukuru paroko, akawashukuru wasimamizi, kisha akanishukuru mimi kwa kuhudhuria, akisema anajua haikuwa rahisi, maana kutoka chumbani hadi uani ni mwendo. Watu wakacheka. Akasema kitambi changu kina umri sawa na ndoa ya dada yake. Wakacheka tena, nami nikacheka, kwa sababu kwetu mlamu ana haki ya kukutania na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Kisha akawaalika wote bwawani.

Kule bwawani akanipandisha kwenye kimashua chake, tukabanana wawili, nikiwa na suti. Nilikuwa nimelegeza mkanda kwa sababu ya pilau. Tulipofika katikati, mbele ya ukoo mzima, alijirusha upande mmoja kwa makusudi, na chombo kikalala. Kina cha maji pale hakikuwa kirefu. Nilitembea kutoka majini kwa miguu yangu mwenyewe. Suruali haikutembea nami.

Nilipoinua macho, aliyesimama ukingoni mbele yangu alikuwa mama mkwe.

Alijifunika uso kwa kitenge, akageuka, akaondoka. Mlamu aliniletea suruali ikiwa juu ya kasia, akaniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana, nimefurahi sana. Meno yalikuwa yakigongana. Kuna aliyerekodi, na ile video ilifika kwa ndugu zao wa Nduta kabla suruali haijakauka.

Basi, kucheka kwa ukoo ningekuvumilia. Nimechekwa na watu wengi. Lakini tangu siku ile mama mkwe hakuitikia tena salamu yangu. Nikipiga simu, aliipokea, akisikia sauti yangu alimpa mjukuu. Nikiagiza salamu kwa mke wangu, jibu lilikuwa kwamba amesikia. Hakuwa na hasira na mimi, mke wangu alisema. Aliona haya, na haya ya namna ile haina dawa ya dukani. Mtu wa pekee katika ukoo ule aliyewahi kunitetea, nikawa namsalimia kama mtu anayesalimia ukuta. Mlamu alilijua hilo. Kila tulipokutana aliniuliza, mbele za watu, kama mama yake hajambo.

Ndipo nilipomtumia ujumbe kupitia dada yake: kiangazi kijacho, siku ya komunyo ya kwanza ya mtoto wetu wa pili, ambayo bibi yake hawezi kuikosa, tutashindana. Yeye na kimashua chake, mimi na changu. Alijibu kwa kicheko cha sauti kilichojaa kwenye simu. Akauliza kama changu nitakiendeshea kwenye beseni.

Nikaanza kusoma. Kwa simu, uani, chini ya turubai la karakana. Nikagundua kuna dunia nzima ya watu wazima wenye ndevu wanaoshindana peke yao kwenye vimashua. Wapo ambao vyombo vyao ni lazima vifanane kabisa, tanga kwa tanga, ili anayeshindwa asipate cha kusingizia. Wapo wengine wanaopewa vipimo tu, kwamba usizidishe urefu huu na ukubwa huu wa tanga, mengine mtu ajitengenezee kwa ujanja wake. Cha mlamu kilikuwa cha aina ya kwanza. Mimi sikuwa na hoteli ya kunitupia kitu, kwa hiyo nikajiunga na wajanja.

Nilichoelewa ni kwamba chombo hakishindani na kingine kwanza. Kinashindana na maji kinayoyasukuma. Upepo ukiwa mdogo, chembamba mbele ndicho kinachopita. Upepo ukizidi, kile kilicho bapa na kipana nyuma hupanda juu ya maji kikateleza, kama kandambili kwenye sakafu iliyomwagikiwa sabuni. Kwa hiyo mbele nilichonga pembe kali, nyuma nikaacha bapa kama meza ya kulia. Nilitumia mbao za marini, zile bapa nyembamba za kumwagia zege, zilizobaki kwenye ujenzi wa makalvati. Nilizitoboa pembeni, nikazishona kwa waya wa kufungia nondo, kisha nikaziba mishono kwa faiba ile ambayo mafundi wa magari huzibia bampa. Mlingoti ulikuwa mwanzi. Mwanzi una adabu: upepo ukizidi unainama, tanga linalegea juu, na wewe unabaki mkavu. Chombo kikawa chepesi hata mimi na mke wangu tukakibeba, yeye mbele, mimi nyuma nikihema. Cha mlamu, kwa miaka yote ile ya ziwani, kilikuwa kimepata nyufa na kilikunywa maji kama ng'ombe.

Tanga nililikata kwenye turubai jeupe la aina ile ya kuezekea mahema ya kambini. Hapa nilifanya kosa ambalo mtu wa pwani hawezi kulifanya. Huku kwetu kila mtu anajua kutandika turubai: unalivuta mpaka lilie, kwa sababu likilegea mvua itatuama katikati na usiku litakuangukia. Basi nami nikalivuta. Nililishona bapa, nikalikaza kila pembe, ukiligonga kwa kidole linajibu kama ngoma. Nikalisifia sana. Siku ya kulijaribu, chombo kilikwenda upande upande kama mtu aliyetoka kwenye urwagwa, pombe yetu ya ndizi, kikaishia kwenye matete. Mke wangu alikuwa ameketi ukingoni na mwavuli.

"Baba watoto," alisema, "hilo umeshona paa."

Niliudhika kwa siku kadhaa. Kisha Jumapili moja alitoka mbele yangu kwenda kanisani na gauni jipya la kitenge, nami nikaliangalia zaidi ya ilivyozoeleka kwa watu waliooana muda mrefu. Kitambaa ni bapa, lakini gauni lilikuwa limefuata mwili, kwa sababu ya vile vikunjo vidogo ambavyo fundi cherehani huvibana kifuani na kiunoni. Aliporudi nilimwomba alivue nilisome. Alidhani nina nia nyingine. Jioni nilifumua turubai langu, nikabana vikunjo karibu na mlingoti na chini, na lilipojaa upepo likatoa tumbo, dogo, la mbele, lililotulia. Tanga halisukumwi na upepo kama mlango unavyosukumwa. Upepo unalipitia kwenye lile tumbo na kulivuta. Paa linazuia. Tanga linakubali.

Nikabaki na tumbo langu mimi, na hapo nikakosea tena.

Huku milimani uzito ni adui. Muulize anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kuja Kasulu, atakuambia kila kilo kwa jina lake. Nikasema, chombo chepesi kinataka mtu mwepesi. Nikafunga Kwaresima yote kama mtakatifu, na Pasaka ilipopita nikaendelea. Katekista alinipongeza mbele ya wanajumuiya. Suruali zikanishuka tena, safari hii bila kusukumwa na mtu. Nilipokuwa mwembamba kiasi cha kuridhika, tukakibeba chombo mpaka bwawani siku yenye upepo wa kweli, nikapanda, na upepo ukanigeuza kama chapati. Nikapanda tena, ukanigeuza upande wa pili ili niive sawasawa.

Nikiwa nimekaa kwenye matope nikakumbuka fizikia ya kidato cha tatu, somo ambalo nililipita kwa neema tu. Kani mara umbali. Upepo unalisukuma tanga juu, unataka kukilaza chombo. Wewe unaning'iniza mwili nje upande wa pili, miguu umeinasa chini ya mkanda uliofungwa sakafuni mwa chombo, mgongo juu ya maji, unakizuia kisilale. Ukiwa mzito, unabaki na tanga lote limekaza wakati mwembamba analazimika kuliachia. Mlamu wangu ni mwembamba kama ufito. Ziwani, kwenye vijiupepo vya asubuhi vya wageni wa hoteli, wembamba ule ulikuwa mali. Lakini komunyo iliangukia kiangazi, saa za alasiri, kwenye bonde letu lile.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu nataka kula. Akauliza kiasi gani. Nikamwambia, kama unanipeleka mnadani.

Ndio ule mwaka ninaousema. Na mazoezi juu yake: nilipigilia mkanda wa siti ya gari kwenye sakafu ya karakana, nikawa naning'inia nje ya benchi, kitako hewani, nikihesabu makosa ya mlamu mpaka tumbo litetemeke. Wateja waliingia, wakaniona, wakarudi kesho yake.

Siku ikafika. Mama mkwe alikuja, akambariki mjukuu, akala, akanipita kwa mbali. Alasiri watu wakaenda bwawani naye akaenda, kwa sababu mwanawe angeshindana. Suruali niliifunga kwa mkanda na juu ya mkanda kamba.

Mlamu alishuka akiwa na jaketi la kuokolea lenye rangi ya chungwa, urithi wa hoteli. Nikaangalia tanga lake. Lile la asili lilikuwa limechanika, akaweka turubai, maana hotelini matanga yalikuja yameshonwa tayari. Limekazwa. Bapa. Aliligonga kwa kidole mbele ya watoto wasikie lilivyolia.

Tulianza ukingoni, kwenda kulizunguka dumu la njano lililoelea mwisho wa bwawa, na kurudi. Kwenda ilikuwa dhidi ya upepo, na dhidi ya upepo hakuna chombo kinachokwenda moja kwa moja. Unakata kushoto, unakata kulia, unapanda kama njia ya mlimani. Mlamu anajua kazi, simnyimi. Na upepo mkali unalisamehe tanga bapa, kwa hiyo hakuachwa sana. Lakini kila upepo ulipovuma kwa nguvu, yeye aliachia kamba, tanga likapigapiga bure, na mimi nilijitupa nje na kilo zangu zote, chombo kikasimama wima na kusonga. Niliusikia ukoo ukingoni ukinyamaza taratibu. Nililizunguka dumu wa kwanza.

Kurudi upepo ulikuwa mgongoni. Kila anayeteremka mlima kwa baiskeli anaamini kwamba hapo ndipo pa raha. Si kweli. Upepo wa mgongoni ukiuchukua moja kwa moja, tanga umeliachia lote nje, chombo hakina kinachokiegemeza, kinaanza kuyumba kama bembea. Mimi nilikwenda mshazari, upepo ukiwa ubavuni, nyuma bapa ikapanda juu ya maji na nikateleza kweli, povu pande zote mbili, mpaka nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Mlamu alitaka kunikatia njia. Akauchomoa wote ule ubao unaoshuka majini ili maji yasimkokote, akachukua mstari ulionyooka, na alipokaribia watu akasimama wima awapungie mkono.

Chombo kiliyumba kulia, kikayumba kushoto, kikayumba tena kulia zaidi, kisha kikamwangukia upande ule ule aliosimama. Kikapinduka tumbo juu kabisa. Kina pale kilikuwa kirefu kuliko pale aliponimwaga mimi; mlingoti ukashuka ukajichomeka kwenye tope la chini, na hapo kikakwama. Mlamu akapanda juu yake, akakaa, amelowa, mita chache kutoka kwa mama yake.

Mstari wa mwisho ulikuwa mbele yangu. Ningeukata kabla hujakohoa. Nikageuza usukani nikarudi.

Nilimzunguka. Taratibu. Kila mzunguko ulikuwa na pahali pake pa hatari, pale tanga linapovuka kwa kishindo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ningeweza kumfuata majini. Lakini nilikuwa na jambo la kumwambia.

"Mwidiwe, mlamu."

Akaangalia matete.

Nikazunguka tena. "Mwidiwe, mlamu."

Kutoka ukingoni ikaja sauti ya mama yake, akimwambia yeye: "Wewe, unasalimiwa."

Huku kwetu unaweza kukataa vitu vingi mbele ya mama yako. Salamu huwezi. Akaitikia, mdomo nusu. Nikamuuliza wa nyumbani. Hawajambo. Nikaenda, nikageuza, nikarudi kuulizia watoto, mmoja mmoja, kwa kuzaliwa kwao. Nikarudi na shangazi wa Kibondo mjini, na mguu wake unaomsumbua. Nikarudi na jirani aliyeunguliwa na jiko. Watoto ukingoni walianza kuitikia pamoja naye.

"Mlamu, nivute basi," akasema.

"Nitakuvuta. Maharage Busunzu yametoka vizuri?"

"Mlamu."

"Bado hujaniambia habari za mbuzi."

Akaniangalia, maji yakimchuruzika masikioni, na nikaona kwamba amekasirika kweli, hasira iliyokomaa, ya mtu aliyeshindwa mbele za watu wote na hana pa kuipeleka. Sitawadanganya kwamba nilimhurumia. Nilikaa nayo kama mtu anayeota moto. Ndipo akalipiza kwa kitu pekee alichobaki nacho.

"Hujamuuliza mama," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Huyo hapo. Msalimie mwenyewe."

Wote ukingoni walijua. Mke wangu alishusha mwavuli. Nilikuwa upande wa mbali wa mzunguko, nikalazimika kugeuza kwanza, na mwendo ule mfupi ulikuwa mrefu kuliko bwawa. Nikalegeza kamba, tanga likapigapiga, chombo kikasimama. Sikumtazama usoni. Nilitazama kitenge chake.

"Mwidiwe, mama."

Alikikaza kitenge kiunoni.

"Mwidiwe, mkwe wangu," akasema. "Maharage yametoka vizuri, ila mvua ya mwisho iliyaharibu kidogo ya kule chini. Mbuzi wamezaa. Na wewe, habari za safari?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za safari. Nikasema ni nzuri, mama. Akauliza upepo wa huko nilikotoka, akauliza kama nimekula, akasema anaona nimekula. Akauliza vitanda. Akauliza mgongo wangu. Nami nikawa nazunguka kwa upole, nikipita kila mara karibu na ukingo kujibu na kuuliza, na katikati ya mzunguko alikuwepo mwanawe amekaa juu ya chombo chake, akisubiri tumalize.

Mpaka leo mlamu anasema hakuna aliyeshinda, kwa kuwa hakuna aliyekata mstari. Ni kweli, sikuukata. Kamba ya kumvutia nilikuwa nayo miguuni muda wote. Lakini mama mkwe wangu si mtu wa kukatishwa salamu, na alikuwa na za mwaka mzima.